Bibi Alipojipanga na Wenye Miji

Juzi sikulala nikijiuliza: nikigombea uenyekiti wa kijiji, mimi msichana niliyetoka chuo kikuu juzijuzi, watacheka? Wakicheka nitajibu nini? Mchana nilikuwa nimesikia majina yakipendekezwa, yote ya wanaume, huku akina mama wakipepeta ulezi nyuma ya ghala kana kwamba kijiji si chao.

Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, hapa hapa Tarime. Kulinuka ugoro na jasho. Wenye miji, yaani wakuu wa kaya, waliambiwa wajipange nyuma ya mtu wanayemtaka awe mwenyekiti wa kijiji, na bibi yangu akajipanga. Hakuwa na mume wala mtoto wa kiume. Kwa desturi yetu ya nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke ili mji upate watoto, alikuwa amemwoa mama yangu kwa ng'ombe wake mwenyewe, na mji ulikuwa wake.

"Mama, ugali unaungua huko!" mmoja alimtania. Wakaangua kicheko.

"Nilipotoa ng'ombe mliniita mwenye mji," Bibi alisema. "Leo naitwa nani?"

"Leo unaitwa bibi. Toka."

Wazee wawili walimshika mikono. Nilidhani wanampeleka mbele akachaguliwe, nikapiga makofi peke yangu. Kumbe walikuwa wanamfukuza. Hasira ya siku ile imenifikia sasa, na inachoma.

Jana mkutanoni waliuliza kama kuna mgombea mwingine. Nilisimama kabla sijaanza kufikiri.

"Mimi," nilisema.

Walicheka. Sikuketi.