Punda Aliyevalishwa Sabo

Sogea karibu, msikilizaji wangu, maana habari hii ni ya miguu, na habari za miguu hazielezwi kwa kupiga kelele. Kama una punda, tutasaidiana. Kama huna, kaa vilevile. Hata sisi hatukuwa na punda, mpaka lori la maharagwe lilipotoka Bunia na kumshusha mmoja mbele ya lango letu hapa Kisangani.

Maharagwe yalikuwa ya tonton, ndugu mdogo wa mama yangu, ambaye ninaishi kwake. Punda alimpata hukohuko, kwa mtu aliyekuwa akimfuga kwa starehe tu. Alikuwa punda kibete: mgongo wake uliishia kiunoni kwangu, masikio yakaendelea mpaka kifuani. Jirani yetu, mama mmoja anayeuza makayabu, yaani samaki wa chumvi, alimzunguka taratibu, kisha akauliza:

"Tonton, hii iko punda ao iko mbuzi ya masikio?"

"Iko punda, mama. Ingali inakomaa."

Haikuwa inakomaa. Ilikuwa imemaliza.

Tonton alivumilia maneno kama hayo kwa sababu alikuwa na mpango. Katika parokia yetu, kila Jumapili ya Matawi, mtu mmoja huigiza Yesu akiingia Yerusalemu. Mwaka uliotangulia, kwa kukosa punda, Yesu alikuja kwa toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria. Aliketi nyuma ya dereva, kanzu nyeupe ameikunja isiingie kwenye mnyororo, akibariki watu kwa mkono mmoja na kushikilia kiti kwa mkono mwingine. Watu walicheka mpaka Pasaka. Basi tonton alisimama kanisani akaahidi mbele ya wote: safari hii punda atakuwapo. Si wa kupandwa, maana punda wa kimo kile hawezi kubeba mtu mzima, nawe usijaribu. Atatangulia, na Yesu atamfuata kwa miguu. Padri alifurahi. Kwaya ilipiga makofi.

Kisha mvua ikaanza, ua wetu ukageuka tope, na punda akaanza kuchechemea.

Kabla ya kuchechemea kulikuwa na harufu, na harufu ile ilitupotezea muda. Tonton alipaza sauti juu ya ukuta: "Mama, leo makayabu yako imeoza!"

"Ya kwangu? Nusa muzuri, tonton! Ile harufu iko natoka kwa mufalme wako!"

Wakafuata pua zao, huku kila mmoja akitumaini mwenzake ndiye mwenye makosa, wakafika chini ya mguu wa punda. Mama wa makayabu akanyanyuka, akajifuta mikono kwenye kitenge. "Bon," akasema. "Samaki yangu iko inangoja pardon."

Tonton akampigia simu daktari wa wanyama. Daktari huyo, naye ni mama, alikuwa amekwenda Basoko kwa boti kuchanja mbuzi, na simu ilikuwa inakatikakatika. Tonton alipanda juu ya beseni lililopinduliwa ili apate mtandao, akaanza kupiga kelele.

"Docteur! Punda iko nachechemea! Miguu iko nanuka!"

"Tonton... shida iko ku sabo... mumutengenezee sabo... muzuri... mbio..."

Mtandao ukaondoka na maneno yaliyobaki.

Hapa inabidi tusimame kidogo, nikueleze neno lenyewe. Sabo tumelipata kwenye Kifaransa. Kwa daktari wa wanyama, sabo ni kwato. Lakini ukienda soko lolote hapa mjini ukaomba sabo, utapewa vile viatu vya plastiki vyenye matundu, vinavyovaliwa na watoto, wapishi na wauguzi. Daktari alisema la kwanza. Tonton alisikia la pili, na kusema kweli ua mzima ulisikia la pili. Nilimsindikiza sokoni.

"Mutoto yako iko na myaka ngapi?" muuzaji aliuliza.

"Ine."

"Anavaaka numéro gani?"

"Sijui. Lakini iko na miguu ine. Donc unipatie pairi mbili."

Muuzaji alimtazama. "Za kushoto na za kuume?"

"Za mbele na za nyuma."

Tulirudi na za waridi kwa mbele, za buluu kwa nyuma. Punda alizikubali kwa upole uliotushangaza, akaenda tak-tak-tak mpaka langoni. Waendesha toleka walisimamisha baiskeli zao barabarani. "Papa, huyu iko naenda kazi?" mmoja aliuliza. "Iko infirmier!" mwenzake akajibu, yaani muuguzi, wakacheka mpaka abiria wao wakashuka.

Sasa, sikiliza kilichotokea ndani ya sabo. Maji na tope viliingia kwa matundu, vikakaa. Mguu uliokuwa unaoza kwa unyevu ukawekwa kwenye bakuli la unyevu. Punda alizidi kuchechemea, na sabo moja ya buluu akaila.

Jumapili ya Matawi ilikuwa inakaribia. Tonton alianza kuingia kanisani kwa mlango wa pembeni. Jioni moja, yule dereva wa toleka aliyembeba Yesu alikuja mwenyewe nyumbani. "Tonton, usisumbuke," alisema kwa heshima zote. "Niko prêt, niko tayari. Nimesha kupaka baiskeli rangi."

Tonton hakula jioni ile.

Daktari aliporudi kutoka Basoko, alikuja moja kwa moja kwetu. Akamkuta punda na sabo tatu.

"Tonton, hii nini?"

"Njo sabo, docteur. Ile ingine alikula."

Daktari alifungua mdomo amkemee, akainama kutazama, akaona miguu yake mwenyewe. Naye alikuwa amevaa sabo, za kijani. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

Alipopata pumzi alituonyesha, nami nakuonyesha vilevile. Punda ni mnyama wa nchi kavu, na kwato zake hunywa maji kuliko unavyodhani. Chini ya kwato, katikati ya wayo, kuna sehemu laini ya pembetatu, yenye mfereji kila upande. Tope likijaa kwenye mifereji hiyo hewa haiingii, na hapo ndipo uozo unapoanza. Zaidi ya hayo, ncha za kwato zilikuwa zimerefuka na kujipinda kama pua ya mtumbwi. Alizipunguza kwa kisu na tupa, kidogo kidogo.

"Kukata njo kazi yangu," alisema. "Kusafisha njo kazi yenu. Na kumulisha mukate kila asubuhi, hapana! Mumupatie majani makavu."

"Na huile, mafuta ya moteur, docteur?" mama wa makayabu aliuliza kutoka ukutani. "Batu banasema inaponya."

"Inaponya moteur, mama."

Tulimjengea sakafu ya mbao iliyoinuka, tukamwaga unga wa mbao juu yake, na kila asubuhi tonton akaenda na kile chuma kidogo kilichopinda alichoachiwa na daktari. Mwanzoni punda hakutoa mguu. Alimwegemea tonton na kusinzia. Likikupata hilo, usikate tamaa wala usimpige. Simama begani kwake, mshike bega, teremsha mkono polepole mpaka chini, ngoja. Tonton alingoja sana. Kisha punda akaelewa, na akaelewa kupita kiasi: mtu yeyote akimgusa bega, mguu ulinyanyuka.

Siku ya Matawi mvua ilitulia. Punda alitangulia, miguu imenyooka, hachechemei hata kidogo. Watu walitandika majani ya mitende mbele yake, naye akayala, kwa hiyo tulikwenda polepole kuliko ilivyopangwa. Yesu alingoja nyuma yake kwa subira. Dereva wa toleka alifuata pembeni na baiskeli yake iliyopakwa rangi, endapo ingehitajika.

Mlangoni mwa kanisa padri alishuka ngazi, akamwekea punda mkono begani ambariki. Punda akanyanyua mguu, akaushikilia hewani.

"Anasalimia padri!" watu walipiga vigelegele.

Lakini tonton alijua si salamu. Alitoa kile chuma kwenye mfuko wa koti lake la Jumapili. "Pardon, mon père. Asiposafishwa hashushi." Akapiga magoti. Walio nyuma hawakuona punda. Waliona mtu anapiga magoti mbele ya padri, nao wakapiga magoti, kwaya nzima, barabara nzima, kwenye tope. Padri alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha naye akapiga magoti.

Mama wa makayabu aliinama, akanusa kwato. "Hainuke kitu," akatangaza, na tonton akaingia kanisani kwa mlango mkubwa.

Basi kesho asubuhi nawe fanya hivi: inua mguu, anzia kisigino, vuta uchafu kuelekea ncha, safisha mifereji yote miwili, kisha unuse. Kama hainuki, shusha mguu taratibu na uhamie unaofuata.