Ndoo ya Kokoto ya Liévin

Mwaka ule wa uporaji, mishahara ilipokatika Lubumbashi, Liévin aliyekuwa fundi wa maabara mgodini alibaki na sanduku la kioo lenye tilapia kumi na wanne. Hao ndio walikuwa mbegu yake. Mvua zikianza angewahamishia kwenye bwawa alilochimba nyuma ya nyumba, na watoto wake watatu wangepata chakula.

Juu ya sanduku aliweka ndoo iliyotobolewa chini, imejaa kokoto na vipande vya nyavu kuukuu. Mchana kutwa alichota maji ya samaki kwa kikombe na kuyamimina humo. Kokoto zilivaa utelezi wa kahawia, na katika utelezi ule waliishi vijidudu wanaokula amonia, sumu inayotoka kwa samaki wenyewe. Aliwangoja miezi miwili wazaliane.

Kisha Bwana akamtwaa Régine, mkewe. Waombolezaji walilala uani siku nne, na Edith, dada mdogo wa Liévin aliyemwita kaka yake yaya, akasafisha nyumba nzima kama inavyopasa kilioni.

Asubuhi ya siku ya nne samaki wote walikuwa juu ya maji, vinywa wazi.

"Liévin, hata samaki zako zinakuja kutoa pole!" alitania jirani yao, Kapya.

Liévin alitia mkono ndooni. Kokoto zilikwaruza vidole, safi kama zimetoka dukani.

"Nani aligusa hapa?"

"Ni miye, yaya," Edith alijibu. "Ilikuwa na buchafu mingi. Bantu bangesema nini? Nilisukula na javel mara tatu, nikasuuza muzuri."

Javel, dawa kali ya kung'arishia nguo, ilikuwa imewaua vijidudu wote. Liévin akaomba kila mwenye mikono achote maji kisimani. Wakabadilisha nusu ya maji, kisha nusu tena, mpaka kisima kikatoa tope. Samaki jike aliyebeba mayai kinywani akayatema yote.

"Bwana, umeshachukua mmoja," Liévin aliomba. "Niachie hawa."

Kufika adhuhuri tisa walikuwa wamekufa. Watano walilala ubavu, mashavu yakipiga polepole.

"Yaya, unisamehe," Edith alilia.

"Leta kisu."

"Yaya!"

"Bado banapumua, Edith. Batoto habajakula tangu jana."

Edith alileta kisu. Liévin akamtoa jike kwanza, kwa mikono yake mwenyewe.