Tunda la Mama Béata

Mimi Kaswera sina subira na watu wa machozi. Nauza makala, makaa ya kupikia, hapa Mugunga kando ya kambi ya wakimbizi, na vita vimeshanionyesha machozi ya kunitosha. Kwa hiyo Mama Béata, aliyekimbia Masisi akasimamisha hema mbele ya kibanda changu, alinichosha mapema.

Wengine walibeba sufuria na magodoro. Yeye alibeba kipande cha mmea wa porini, ule unaotambaa kwenye uzio, ambao majani yake ukiyasugua yananuka. Alikichomeka kati ya mawe ya volkano, akakinywesha maji ya kuoshea vyombo. Eh mama! Kikashika. Kikatoa vidole vyembamba vya kujizungusha, vikakamata kamba, vikapanda mti wa hema mpaka juu.

"Mutoto wangu Shukuru anapenda mbegu zake," aliniambia. "Tunda likiiva linapasuka, mbegu ni nyekundu, anazimumunya. Tulipotezana kule Sake, katika vita vya zamani, mabomu yakianguka. Sasa atakuwa kijana. Akikuja, akute tunda."

Kila asubuhi aliinua ua moja moja, akachungulia chini yake. Maua meupe, mazuri, yakaanguka yote. Msimu ukapita, na mwingine. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Huyu alivumilia, mbivu hakuna. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mmea usiozaa ni habari mbaya ya mutoto. Naye akaamini. Akaacha kupika.

Nikakasirika. Nikaenda kuutazama mwenyewe: ua kwenye kikonyo kirefu, chini yake hakuna hata uvimbe. Sisi wa Beni tunajua mipapai.

"Mama, weye ulibeba dume! Hata uzeeke hapa, bila jike hutapata tunda."

"Nilikata ule wa karibu na mlango," alisema. "Nilikuwa na haraka."

Siku nilipoenda Munigi kununua makala, niliona mwenzake kwenye uzio wa watu: chini ya kila ua kuna kitunda kidogo chenye miiba laini. Niliomba, nikaung'oa na mizizi yake. Tukaupanda kando ya dume. Nyuki wakafanya kazi yao. Tunda moja likashika, na Mama Béata akalia mpaka nami nikalia, mimi huyu.

Lilikuwa bado kijani tulipotangaziwa kwamba kambi inafungwa, kila mtu arudi kwao. Watu walibomoa kila kitu. Mti wa hema ni mali. Mama Béata alikunja turubai, akafunga miti yake, mmoja akauacha umesimama.

"Kaswera, akipita, utamuonyesha?"

"Nitamuonyesha."

Akaenda na wengine, na sijapata habari zake tena. Tunda sasa limekuwa rangi ya chungwa, limeanza kupasuka. Nafukuza ndege kwa mawe. Kila kijana anayepita na mzigo namuita: "Weye! Jina lako Shukuru?" Wananicheka, wanasema mama wa makala amerukwa na akili. Wacheke. Mimi nauliza.