Muuzaji Wangu wa Bitcoin

Nilikosa usingizi nikijiuliza kama mchumba wangu Zuhura anamtamani Swaleh, jirani yetu hapa Junda, anayenunua hadi sabuni mtandaoni kwa bitcoin, sarafu ya kidijitali. Mbele ya Zuhura nilimwita Swaleh tapeli. Kisha mimi, na shahada yangu, nikatafuta bitcoin kwa siri nimwagizie Zuhura udi. Muuzaji niliyempata mtandaoni alijiita Papa Mweupe. Nilipomlipa kwa simu, jina lake halisi likatokea: Swaleh. Naye akaliona langu.

Jioni Swaleh alitukuta mimi na Zuhura kwa muuza mahamri.

"Ahsante, mteja wangu! Bitcoin zimefika?"

Zuhura akanigeukia. "Ala! Kumbe wewe ni mteja wa tapeli?"

"Si tapeli, wallahi. Ni wivu wangu," nikasema, nikamwomba Swaleh radhi mbele ya wote.