Nilimtafutia Profesa mchangiaji wa kongamano kutoka Garissa, nikamharibia mtu uraia wake

Wakuu, salaam.

Nimekaa humu miaka mingi nikisoma nyuzi za wenzangu na kuondoka kimya kimya bila kuacha hata like. Leo natoa ya kwangu. Jina la mhusika nimelibadilisha, mengine nayaleta yalivyokuwa, hata pale ninapoonekana mtu wa hovyo.

Mimi ni Mkenya wa Kisii. Ndugu zangu wa Bongo mkiona Kiswahili kimepinda mahali, pigeni kona muendelee.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa sekondari Garissa. Mimi niliomba Nakuru, wakanipeleka huko. Watu wa bara tuliopelekwa kule, walimu, makarani, manesi, tulikuwa na ugonjwa mmoja: kila mtu alikuwa anatafuta njia ya kuondoka.

Njia yangu ilikuwa masters ya sayansi ya siasa.

Sasa siku moja nikapata barua kutoka kwa profesa aliyenifundisha Nairobi. Kulikuwa na kongamano linakuja, na yeye alikuwa na jopo lake kuhusu dola na watu wa mipakani. Wachangiaji watatu alikuwa nao, wote wa vyuo vikuu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka daraja la mto Tana kuingia Garissa. Alitaka wa nne awe mwenyeji.

Aliandika: "Nitafutie sauti ya huko, na suala lako la masters tutaliongea."

Huo mstari niliusoma mara kumi.

Kwa wasioijua kazi hii, mwenye jopo huwa na mada nzuri na viti vitupu. Anatuma wito, anangoja ikisiri zije, haziji, kisha siku zikikaribia anaanza kuwaomba marafiki wa marafiki. Mimi ndiye nilikuwa rafiki wa mwisho.

Nikaanza kutafuta. Chifu mmoja alinisikiliza vizuri mpaka nilipotamka neno siasa, hapo akakumbuka ana safari. Mfanyabiashara wa Bute aliyekuwa akileta mbuzi sokoni aliniambia, "Siasa? Mwalimu, mimi nauza mbuzi. Mbuzi hana chama." Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimeshaanza kukata tamaa.

Ndipo nikamkumbuka Mwalimu Yussuf.

Yussuf alikuwa anafundisha shule ya msingi karibu na kwangu. Msomali mzaliwa wa Liboi, mji wa mpakani upande wetu wa Kenya, mrefu, mpole, na mtu wa kuandika kila kitu. Kwa miaka mingi alikuwa akizunguka likizo na daftari, akiwauliza wazee jinsi koo zinavyogawana visima wakati wa kiangazi: nani anaanza kunywesha, nani anaamua, na anayekaidi anafanywa nini. Alikuwa na madaftari saba. Siasa tupu, ila yeye aliita "mambo ya visima".

Nilipomweleza akasema, "Walaal, mimi ni mwalimu wa P1, cheti tu cha shule ya msingi. Hao watu wa chuo kikuu watanisikiza kweli?"

Walaal ni ndugu. Alikuwa akiniita hivyo tangu wiki yangu ya kwanza pale, siku nilipougua malaria na mkewe Halima akaniletea uji.

Nikamwambia watamsikiliza. Tukakaa kwake Ijumaa mbili, yeye akisoma madaftari kwa sauti, mimi nikiandika ikisiri kwa Kiingereza. Niwaambie ukweli, ilikuwa kazi nzuri. Sijaandika kitu bora kuliko hicho tangu siku ile.

Profesa alijibu haraka. Mada ameipenda. Tatizo ni wasifu. Mchangiaji asiye na digrii ataonekanaje kwenye programu? "Mnenepeshe kidogo," aliandika.

Wakuu, kwenye mambo ya makongamano hili ni jambo la kawaida kabisa. Kila mtu ananenepesha wasifu. Aliyepita London kubadilisha ndege anaandika amefanya utafiti Ulaya. Hakuna anayelala ndani kwa hilo.

Nikakumbuka Yussuf aliwahi kuniambia kwamba akiwa mtoto, ukame ulipoua ng'ombe wa baba yake, alipelekwa kwa abti wake, yaani mjomba, kule Kismayu, Somalia. Alikaa miaka mitatu, akarudi Liboi, akaendelea na shule huku huku Kenya. Miaka mitatu ya utotoni, basi.

Mimi nikaandika kwa Kiingereza kizuri kwamba Mwalimu Yussuf "alilelewa na kusomea Kismayu kabla ya kuvuka mpaka kuja Kenya", na kwamba kwa hiyo anazijua siasa za pande zote mbili. Nikaituma. Sikumsomea mwenyewe. Hata haikunijia akilini kwamba anapaswa kusomewa.

Hapa lazima nisimame kidogo kwa ajili ya vijana.

Miaka ile kwa Msomali wa Kenya haikutosha kuwa na kipande, yaani kitambulisho cha taifa. Alitakiwa pia kuwa na kadi ya skrining, ya kuonyesha kwamba amekaguliwa na kukubaliwa kuwa ni wa hapa. Mimi wa Kisii sikuulizwa kadi hiyo hata siku moja. Yeye aliulizwa kwenye kizuizi cha darajani, kwenye basi, hata akienda kuchukua mshahara. Na ng'ambo kule Somalia kulikuwa kumeharibika, wakimbizi wamejaa kambi za Dadaab, kwa hiyo macho yalikuwa makali.

Mwaka ule vipande vya zamani vilikuwa vinabadilishwa. Kila Msomali alipita tena mbele ya kamati: maafisa upande mmoja wa meza, wazee wa ukoo upande wa pili.

Zamu ya Yussuf ilikuwa Jumatatu, siku kumi kabla ya kongamano. Asubuhi ileile bahasha ya Profesa ilifika na basi. Ndani mlikuwa na programu mbili zilizopigwa chapa, jalada la kijani, jina la chuo juu na muhuri chini.

Nikakimbia nayo mpaka kwenye foleni. Yussuf alikuwa na faili yake kifuani: cheti cha ualimu, barua ya ajira, kadi ya skrining, kipande cha zamani. Nikampa programu moja. Nikamwonyesha jina lake kwenye orodha ya mbele, akalipitisha kidole, akatabasamu kama mtu aliyepata mtoto.

Nikamwambia, na maneno haya ni yangu: "Waonyeshe hii pia. Waone ni mtu gani wanamkagua."

Akaitia kwenye faili, juu kabisa.

Nilimngoja nje. Wenzake walikaa ndani dakika tano tano, yeye alikaa karibu saa nzima. Alipotoka hakuwa na faili. Mkononi alikuwa na ile programu peke yake, imefunuliwa ukurasa wa wachangiaji.

"Walaal," aliniuliza, "nani alisema mimi nililelewa Kismayu?"

Nikausoma upya ule mstari wangu, kidole chake kikiwa juu yake.

"Mzee wetu aliapa wallahi ananijua tangu tumbo la mama. Afisa akamwambia, mzee, wewe unasema kwa mdomo, hii imeandikwa na chuo kikuu." Akaikunja ile programu taratibu, akanirudishia. "Wamechukua kipande. Wamechukua kadi. Wamesema nirudi nikileta karatasi ya kusema hii ni makosa."

Basi, dawa ilikuwa rahisi, sivyo? Barua moja tu. Profesa aandike kwamba wasifu ulikosewa, apige muhuri uleule.

Yussuf bila kipande asingevuka daraja, kwa hiyo nilienda Nairobi peke yangu. Na mada yake nikaisoma mimi. Ilipigiwa makofi. Mzungu mmoja alisimama akasema ndiyo mada pekee ya siku ile iliyomfundisha kitu. Kuna mtu aliuliza mwandishi yuko wapi, Profesa akajibu amepata dharura ya kifamilia.

Baadaye nikamfuata ofisini, nikamweleza yote. Alinisikiliza akiwa anasahihisha karatasi.

"Unataka niandikie serikali barua kwamba jopo langu lilichapisha uongo?" alisema. "Uongo ulioandikwa na nani? Na wewe? Halafu niende kwenye bodi kukutetea upate masters?"

Akavuta karatasi nyingine ya kusahihisha.

Akaniambia, "Acha ipoe kwanza."

Ningeweza kuandika barua mwenyewe. Wasifu niliuandika mimi, aibu ingekuwa yangu. Ningeenda mbele ya ile kamati nikasema, mabwana, huyu mtu nimemsingizia. Nilijua hivyo siku ileile, nikiwa nimesimama mbele ya meza ya Profesa. Lakini majina ya masters yalikuwa yatoke baada ya miezi miwili, nikajiambia nitaandika yakishatoka.

Yakatoka, na langu lilikuwemo. Nikajiambia nitaandika nikishasajiliwa. Nikishatulia. Nikishamaliza. Mnajua jinsi mtu anavyojidanganya.

Kabla sijaondoka Garissa mwajiri alikuwa ameshamsimamisha Yussuf, kwa sababu walimu wote walitakiwa kuleta namba ya kipande kipya. Nilienda kuaga. Halima ndiye aliyefungua mlango. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, lakini siku ile kilimtosha.

"Walimu, wewe nakwenda Nairobi kusoma," alisema. "Bwana yangu nabaki hapa, kibande hakuna, kazi hakuna. Ile karatasi yako imekula yeye. Wewe hafai kuaga mimi. Enda tu."

Nikaenda.

Ilinichukua zaidi ya miaka miwili. Masters imekwisha, nimepata kazi ya kufundisha chuo, nina karatasi zenye jina langu juu. Hapo ndipo nilipoandika ile barua. Ukurasa mmoja na nusu, kila kitu kikiwa wazi: aliyeandika wasifu ni mimi, uongo ni wangu, mhusika hakuusoma. Nikaapa mbele ya wakili, nikapanda basi nikiwa na nakala tatu.

Garissa niliambiwa hayupo. Yuko Dagahaley, moja ya zile kambi za Dadaab.

Nilidhani amepata kazi kambini. Nikamkuta mbele ya kibanda cha magunia na miti, amekonda, ndevu zimeingia mvi. Watoto kama ishirini walikuwa wameketi mchangani mbele yake, anawafundisha hesabu kwenye ubao wa bati. Aliponiona alimalizia kwanza swali lililokuwa ubaoni. Kisha akaja, akanipa mkono. Alinipa mkono, wakuu.

Nikampa barua. Aliisoma yote, polepole, kama alivyokuwa akisoma madaftari yake. Akaikunja.

"Imeandikwa vizuri," alisema.

Nikamwambia twende kesho kwenye kamati, nitasimama mwenyewe. Akatikisa kichwa. Akatoa mfukoni kadi ya mgao, ile ya kuchukulia unga na mafuta.

"Watoto walikaa na njaa mwaka mzima," alisema. "Mwezi uliopita nikajiandikisha. Ili wakupe hii lazima useme umetoka Somalia. Waliniuliza mji gani. Sikujua nitaje mji gani, nikasema Kismayu. Nikatia kidole."

Akanionyesha kidole gumba, kana kwamba wino ulikuwa bado upo.

"Sasa wewe utawaambia sikulelewa Kismayu, na mimi nimeweka kidole kwamba ni kwetu. Watamwamini nani?"

Mwezi mmoja, wakuu. Nilichelewa zaidi ya miaka miwili, na barua ikapitwa kwa mwezi mmoja.

Bado niliipeleka kwenye kamati. Walinisikiliza kwa adabu, wakafungua kitabu cha wakimbizi, wakaniambia mtu huyu ni mkimbizi kwa kauli yake mwenyewe. Baadaye binti yake mkubwa alifanya mtihani wa darasa la nane akiwa kambini, akaandikwa mkimbizi naye, na yeye alizaliwa hospitali ya Garissa.

Nilichojifunza: ukimtafuta mtu achangie kwenye jopo lako, usiandike neno moja juu ya maisha yake bila kumsomea kwa lugha anayoielewa, maana mstari unaokupamba wewe unaweza kumfunga yeye. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Usingoje mpaka kusema kusikugharimu chochote.

Kuna watu hapa jukwaani wameishi kule, na wengine ni wasomi wa siasa. Andikeni mnavyoona, matusi pia nitayasoma. Ila naomba kitu kimoja: asije mtu akanifariji kwamba sikujua. Nilipoandika wasifu sikujua. Miaka miwili iliyofuata nilikuwa najua kila siku.