Kula Kwanza, Mwalimu

Sipendi kulazimishwa kula. Tangu nije Durban kusoma nimeingia nyumba nyingi za Wakongomani, na zote zimenishinda kwa hilo moja: ukisema umeshiba, wanaona unaringa.

Siku za Jumamosi nilijitolea kufundisha Kiingereza katika ukumbi wa kanisa moja huku Umbilo. Wanafunzi wangu walikuwa akina mama wakimbizi, wengi wao wachuuzi wa soko la Warwick, waliokuja wamechoka hoi na kusinzia mbele yangu bila haya. Mmoja tu hakusinzia. Alikuwa rika la mama yangu, na mumewe alikuwa amelazwa hospitali, figo zimegoma. Kila alipokwenda kumwona ilibidi aombe mtu wa kumsemea kwa manesi, na watu huchoka. Wengine walimtafsiria nusu, wengine walimdanganya kwa huruma. Kwa hiyo salamu na majina ya matunda hakuyataka.

"Mwalimu, unifundishe ya hospitali," aliniambia. "Nataka nisikie mimi mwenyewe kama bwana yangu atapona."

Nikamfundisha damu, mkojo, mashine, nafuu. Hata neno la kufa alilidai, nikampa huku nimenuna.

Jumamosi moja akanialika kwake Greyville, kesho yake baada ya ibada. Nilikataa. Nilimwambia chochote alicho nacho akitumie kwa mgonjwa. Akasimama akinitazama kama niliyemtukana.

"Unanifundisha bure, na hujakula kwangu hata siku moja. Batu watasema nini?"

Nikasalimu amri, maana mama yule alikuwa hashindiki. Akanielekeza: nishuke taxi kwenye robot, yaani taa za barabarani, ghorofa lenye duka la simu chini.

Alikuwa na chumba kimoja katika fleti iliyogawanywa kwa mbao. Nilikuta pamefagiliwa, watoto wake wamekaa kitandani na nguo safi, kimya. Nikajisemea moyoni, hawa wamelelewa. Mezani palikuwa na kuku, sombe, ambayo sisi tunaiita kisamvu, na fufu ya muhogo inayofuka moshi. Sahani ilikuwa moja tu, yangu. Kwao mgeni hula kwanza, wenyeji baadaye.

"Mzee anaendeleaje?" nikauliza.

"Kula kwanza, mwalimu. Chakula inapoa."

Nikala. Akanichagulia firigisi, akaiweka juu ya tonge langu. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na nilijua kwao pia ni hivyo, nikamtania kwamba ampelekee mwenyewe hospitali. Akacheka kidogo. "Wewe kula," akasema.

Chakula kilikuwa kitamu, ulimi ukanilegea. Nikamsimulia habari za mhadhiri wetu anayekoroma kwenye vikao, nikamwigiza na mkoromo wake, naye akacheka panapostahili kuchekwa. Nikamuuliza tena habari za mzee. Akaniongezea mchuzi. Hapo nikachukia kidogo, nikaona ananifanya mtoto.

Nilipomaliza alileta beseni, akaninawisha, akanifuta mikono yeye mwenyewe kwa taulo. Akaondoa vyombo. Kisha akaketi chini, sakafuni, akanyoosha miguu.

"Papa wa watoto alikufa asubui," akasema.

Nikamuuliza nani kamwambia.

"Walipiga simu, nikaenda peke yangu. Infirmière, ule nesi wa wodi, aliniambia na Kiingereza, polepole. Nilisikia yote, mwalimu. Hakuna mutu alinitafsiria."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mlangoni. Nilimuuliza kwa ukali, sauti yangu mwenyewe ikanitisha. Nilikuwa na hasira, na hadi leo sijui nilimkasirikia nani.

"Mugeni iko na njaa, nimwambie kufa?" akajibu. "Ungekula namna gani?"

Akainuka, akafungua mlango. Ngazi zilikuwa zimejaa wanawake wa vitenge, majirani na watu wa kanisa lake, waliofika wakati nikila na kuambiwa wangoje. Waliingia mmoja mmoja, wakanipa mkono kwa heshima, kisha wakaanza kulia kwa sauti.

Hapo ndipo watoto nao walipoachia kilio, pale pale kitandani. Walikuwa wamekatazwa kulia, kwa sababu mwalimu alikuwa anakula.