Gitare Iliyokwaruza Barabara ya Walikale

Wakati wetu pale Mushaki, muziki haukukaa mfukoni. Ukiutaka, unautengeneza. Kaka yangu Bauma alichonga gitare kwa ubao wa sanduku, akaivalisha nyaya za breki za baiskeli, ndani akafunga kipaza sauti kidogo kilichotoka kwenye redio mbovu. Mimi nilipiga bidoni, yale madumu ya mafuta, na mfuniko wa sufuria ya Mama ukawa toazi.

Tulipigia kwenye gereji ya Baba Mukubwa, kaka mkubwa wa baba yetu tuliyemwita Papa; alikuwa fundi wa malori. Palinuka mazuti, ile dizeli ya malori, na mahindi ya kuchoma. Umeme wetu ulikuwa betri ya lori, na spika yetu ilikuwa imechanika, kwa hiyo gitare ilikwaruza kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Bauma alitaka kuishona. Baba Mukubwa akamkataza.

“Acha vile! Mu santuri zangu za miaka ya sitini, gitare zilikuwa zinalia hivi hivi. Wakati ule tulikuwa tunacheza mpaka viatu vinapasuka.”

Akatuwekea santuri hizo, na kweli: ngoma kavu, gitare inayonguruma, kijana anayeimba kama anayegombana na jirani. Tuliduwaa.

Papa, kiongozi wa kwaya ya parokia, hakuduwaa.

“Hii makelele haiko muziki,” alisema. “Nikiisikia tena, nitapasua ile gitare, mama yenu aipikie maharagi.”

Na Papa hakuwa mtu wa kutisha bure. Basi tukaamua kurekodi wimbo wetu upesi, gitare ikiwa bado nzima. Bauma aliuita “Matope”, maana barabara yetu haikuwa na kitu kingine. Tuliweka redio-kaseti juu ya tairi, tukabonyeza. Katikati ya wimbo mvua ikapiga mabati, nje lori likapiga honi; vyote vikaingia. Bauma karibu alie. Lakini dereva mmoja aliyekuwa akingojea gari lake litengenezwe alicheka kwa furaha.

“Munipe hiyo kaseti. Njia ya Walikale iko mulefu, nitakuwa ninalala ku volani.”

Akaondoka nayo, imzuie kusinzia kwenye usukani. Majuma yakapita, tukadhani imepotea.

Siku moja ya soko, Papa na mimi tukiuza maziwa, lori likatokea upande wa Masisi, na kabla sijaliona nilisikia bidoni zangu. Zangu mwenyewe! Juu ya mizigo vijana walikuwa wakiimba “Matope” neno kwa neno. Nilishika mkebe wa maziwa kwa nguvu, nikiwaza gitare na maharagi.

“Hii muziki iko ya nani?” Papa akauliza.

Mama mmoja akashuka na gunia lake. “Haujue, Papa? Kule kwetu Kalembe kila mutoto anaiimba. Tulikwama mu matope, tukasukuma gari na huu wimbo mpaka likatoka!”

Nikaona mguu wa Papa, ndani ya buti, ukigonga udongo. Akanigeukia.

“Anayepiga ngoma ni nani?”

“Njo mimi, Papa.”

Akanishika mkono, akaninyanyua juu, akapaza ile sauti ya kwaya: “Munasikia? Anayepiga ngoma njo binti yangu!”

Soko lote likashangilia, matope yakiruka. Dereva, yule yule aliyechukua kaseti yetu, akafungua sauti mpaka mwisho, wauza jibini wakaacha jibini zao, na Papa, ndiyo, Papa, akacheza.

Leo mwanangu anarekodi kwa simu, akiwa amelala kitandani, kisha anafuta kila mkwaruzo mpaka wimbo unakuwa laini kama uji wa mgonjwa. Anautuma hadi Ulaya, halafu anakaa kuhesabu vidole gumba vya walioupenda kwenye simu. Simlaumu, ana kipaji. Ila namhurumia kidogo. Watu wake wanamsikiliza mmoja mmoja, masikio yamezibwa kwa vipokea sauti. Sisi watu wetu tuliwaona, matope mpaka magotini, wakicheza pamoja.